Kiota unachokiona sicho kinachomaliza nyuki wako

Kaskazi ya mwaka jana ikielekea ukingoni, kijana wa jirani yangu hapa Mikindani, Mombasa, alinigongea mlango baada ya sala ya alfajiri. Mkono mmoja ameshika mwenge wa makuti, mkono wa pili kopo la petroli aliyoifyonza kutoka kwenye pikipiki yake. "Ami, njoo uone. Nimewapata. Leo ndio mwisho wao."

Aliowapata ni nyigu. Chini ya upenu wa kibanda anachowekea vifaa vya kurinia asali, hatua kama kumi kutoka mizinga yake miwili, palikuwa pamening'inia kiota cha kijivu, upana wake kama kisahani cha kikombe. Juu yake walitulia nyigu kama ishirini, viuno vyembamba kama uzi, bado wazito kwa baridi ya usiku. Siku moja kabla, alikuwa amemwona mmoja wao chini ya mzinga akimkatakata nyuki. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Nilitazama mwenge, nikatazama paa la kibanda. Lilikuwa la makuti.

Tulizungumza mpaka jua likachomoza, na kiota hakikuchomwa. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilo hilo na wafugaji wa Jomvu na wa Tsunza, na mama mmoja wa Kisauni mwenye mzinga mmoja juu ya paa la nyumba yake: nyigu wakijenga karibu na nyuki, tuwavumilie au tuwaangamize? Rai yangu naitoa mapema. Tuwavumilie, karibu kila mara. Lakini rai hiyo haina faida kwa mtu asiyejua nyigu yupi ni yupi, maana neno letu moja limebeba wadudu ambao makazi yao, mawindo yao na hata hasira zao ni mbalimbali.

Tuanze na yule anayejenga kwa tope. Hakuna nyumba ya Mombasa isiyomjua: mweusi, kiuno kirefu chembamba, anabandika vijumba vya udongo nyuma ya fremu ya picha, kwenye pembe ya dirisha, hata ndani ya kiatu kilichosahauliwa barazani. Huyu anaishi peke yake. Hana kundi wala walinzi, na ukimbomolea kijumba chake hakufukuzi. Kila chumba cha tope amekijaza buibui aliowatia ganzi, wawe chakula cha mtoto wake. Nyuki hawamhusu kabisa. Yuko pia yule wa kijani anayemeta kama kito, anayemchoma kombamwiko ubongoni kisha akamshika kipapasio na kumwongoza shimoni kama mbuzi wa kamba. Mwenye jiko hana haja ya kumfukuza huyo.

Kisha wako wale wa kijana wangu, wajenzi wa karatasi. Hukwangua mbao kavu, mlango wa zamani, nguzo ya ua, boriti isiyopakwa rangi, wakaitafuna na mate na kuitandaza vyumba vidogo vidogo vilivyo wazi upande wa chini. Huku kwetu kiota cha namna hii huwa na nyigu wachache tu, mara nyingine makumi. Wanauma, na kwa kuwa mwiba wao haunasi kama wa nyuki, mmoja anaweza kuchoma mara kadhaa. Ila chakula wanachowapelekea mabuu wao kwa sehemu kubwa ni viwavi, waliotafunwa na kufinyangwa donge. Wao wenyewe wakubwa hunywa nekta ya maua, na tone tamu linalotoka midomoni mwa mabuu wakati wa kulishwa.

Hapo pana jambo linalowapita wafugaji wengi. Mamake kijana analima mchicha na kunde nyuma ya kile kibanda. Viwavi wakizidi, mkulima hukimbilia dawa, na dawa ya mchichani huangukia ua la kunde alipo nyuki. Tangu 2017, viwavijeshi vamizi walipothibitishwa nchini Kenya, mashamba ya mahindi yamenyunyiziwa sumu nyingi ajabu. Sitadai kwamba nyigu ishirini wanaweza kuliokoa shamba zima. Lakini kila kiwavi anayebebwa na nyigu ni kiwavi mmoja pungufu wa kumshawishi mkulima achukue bomba la dawa, na kati ya bomba la dawa na nyigu, najua ni kipi kimeua nyuki wengi zaidi.

Nalijua kwa kuwa limenifika. Miaka ya nyuma nilikuwa na mizinga minne ukingoni mwa mikoko, wakati michu ilipochanua na nyuki wakifanya kazi kutwa. Nyigu walijenga kwenye mti jirani. Nilikwenda dukani, nikaambiwa dawa ile haina neno kwa nyuki mradi inyunyizwe jioni. Nikanyunyiza jioni, na upepo wa kusi ukaichukua dawa mpaka kwenye mizinga. Asubuhi nilikuta nyuki chini, wanatetemeka, wanazunguka papo hapo, ndimi zimetoka nje. Mizinga miwili ilikufa, wa tatu ulihama wiki hiyo hiyo. Kiota cha nyigu kilikuwa kimekwisha kweli. Sijawahi kununua dawa ile tena.

Sasa tuje kwa nyigu wanaokula nyuki hasa, kwa maana wapo. Wanasayansi humwita Philanthus triangulum, na anapatikana Ulaya na Afrika pia. Kwa majina yetu ningemwita mbwamwitu wa nyuki, kwa kuwa hakuna analowinda zaidi ya nyuki wa asali. Jike humrukia nyuki juu ya ua, wakaanguka pamoja, akampinda na kumchoma upande wa chini karibu na miguu ya mbele, mahali ganda lilipo laini. Nyuki hupooza bila kufa. Kisha humkamua tumbo, nekta ikapanda mdomoni, akailamba. Akimaliza humkumbatia tumbo kwa tumbo na kuruka naye mpaka shimo alilochimba mchangani. Kila chumba chini ya mchanga hutiwa nyuki mmoja hadi watano au sita na yai moja juu yao. Hata ukungu wa udongoni amejiandalia: ana tezi katika vipapasio, zenye bakteria wanaotengeneza dawa ya kuua viini, na hao ndio hulinda kifukofuko cha mtoto wake katika unyevu wa chini.

Mchanganyiko huu wa ukatili na ustadi umewashangaza watu kwa muda mrefu. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alizungushia mlango wa shimo la mdudu huyu matunda makavu ya msonobari. Nyigu alipokwenda kuwinda, akayasogeza matunda pembeni yakiwa katika duara lile lile. Nyigu akarudi na mzigo wake, akatua katikati ya duara, akalitafuta shimo lisilokuwepo. Alikuwa ameikariri sura ya mahali.

Kwa mfugaji wa Mombasa, somo liko kwenye neno shimo. Huyu hana kiota cha kuning'inia. Hana karatasi wala tope kwenye upenu. Yuko chini, kwenye mchanga mtupu unaopigwa na jua, na pwani yetu ya Nyali, Bamburi mpaka Shanzu haina uhaba wa mchanga kama huo. Kwa hiyo mtu anayezunguka na mwenge akichoma kila kiota anachokiona juu ya kichwa chake anaacha wawindaji wa nyuki chini ya miguu yake, na anaangamiza wale waliokuwa wakimlia viwavi. Ukiona nyigu wenye alama za manjano wakitua mchangani na nyuki amekumbatiwa tumboni, dawa yake ni majani: panda nyasi, tandaza makuti makuukuu au takataka za shamba mbele ya mizinga, ardhi ikose pa kuchimbwa. Afrika Kusini wako nyigu wengine wanaovizia nyuki kwenye mlango wa mzinga wakati wa jua kali, na wafugaji huko huwawekea sahani nyeupe za maji mbele ya mizinga, wakachupia na kuzama.

Nimewasikia watu wakisema: ami, mbona huko mitandaoni wafugaji wote wanasema choma? Wanasema kweli, lakini ya kwao. Nyigu wa Ulaya na Marekani wanaosumbua mizinga hujenga viota vilivyofunikwa pande zote, vyenye maelfu ya wafanyakazi. Majira ya joto yakiisha, mabuu hupungua, lile tone tamu likakosekana, na jeshi zima likaanza kusaka sukari popote, mizinga ikiwamo. Baridi ikija kundi hufa, akabaki malkia kijana amejificha. Hesabu zao zote, kama vile kuua malkia mapema kwa sababu mmoja leo ni maelfu kesho, zimejengwa juu ya kalenda yenye baridi kali. Mombasa kalenda hiyo haipo. Sisi tuna masika na vuli, kusi na kaskazi, na nyigu wetu wa karatasi huanzisha kiota na kukihama bila kungoja theluji.

Wako pia wale wakubwa wa jenasi ya Vespa, ambao si wenyeji wa pwani ya Kenya. Aina mojawapo kutoka Asia, Vespa velutina, ilionekana Ufaransa mwaka 2004, na inaaminika iliingia na shehena ya vyungu kutoka China. Leo imeenea nchi kadhaa za Ulaya. Huelea hewani mbele ya mzinga, ikamdaka kila nyuki anayerudi na mzigo, mpaka nyuki wanaogopa kutoka na kundi linakufa njaa na nekta iko kwenye maua ya jirani. Nalitaja hili kwa sababu sisi ni watu wa bandari. Vyungu vilivyompeleka Ufaransa vinaweza kushuka Kilindini siku yoyote. Mwili wake ni mweusi, tumboni ana mkanda wa rangi ya chungwa, miguu imeishia manjano kana kwamba amevaa soksi, na kiota chake kikubwa cha mviringo mara nyingi huwa juu mitini. Ukimwona, usimguse, piga picha na umpelekee afisa wa mifugo wa kaunti siku hiyo hiyo. Yeye ndiye nyigu ambaye ningesema bila kusita kiota chake kiangamizwe, na kiangamizwe na wenye vifaa.

Turudi kwenye ushahidi wa kijana: nyigu akimkatakata nyuki chini ya mzinga. Hapa ndipo wengi hukosea, na nawaelewa, maana kuona jambo lile kunauma. Lakini fanya hesabu. Chukua mzinga wenye nyuki 20,000, na mfanyakazi mmoja anaishi wiki tano au sita. Ina maana kiasi cha nyuki 500 hufa kila siku kwa uzee tu. Wengi hufia mbali, na wanaofia ndani hutolewa na wenzao na kutupwa mbele ya mlango. Nyigu wa chini ya mzinga mara nyingi amekuja kuokota maiti. Ukitaka kujua kama ni mwuaji, usitazame chini, tazama mlango. Keti kando nusu saa, mara moja asubuhi na mara moja alasiri. Mzinga wenye nguvu una walinzi. Nyuki wetu wa pwani, wadogo na wa manjanomanjano, si watu wa mzaha, na nyigu akitua pale mlangoni huzongwa mara moja. Ukiona nyigu anaingia na kutoka kama mgeni aliyezoea nyumba, basi tatizo liko ndani ya mzinga. Nyigu amekuja kukuambia tu.

Na usichanganye dalili. Nyuki wakijazana nje ya mzinga kama ndevu mchana wa Februari, hilo ni joto la Mombasa. Wape kivuli na maji. Mzinga ukikutwa mtupu asubuhi, masega yamebaki bila nyuki waliokufa, wamehama, na nyuki wetu huhama upesi kwa njaa, kwa siafu, kwa kusumbuliwa. Utando mweupe ndani ya masega ni nondo wa nta. Asali iliyochacha na kuchuruzika, yenye harufu ya machungwa yaliyooza, ni kazi ya mende wadogo wa mizinga. Angani wako keremkerem na mlamba, ambao hudaka nyuki mchana kweupe mbele ya macho yetu, na sijaona mtu akiwashia mwenge.

Babake kijana, mwalimu wa madrasa, alileta hoja nyingine asubuhi ile. Alisema hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas inakataza kuuawa viumbe wanne, chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad, na nyigu hayumo. Mimi si mwanachuoni, Mwalimu, nilimwambia, na hilo nakuachia wewe. Langu ni la mizinga: nyuki na nyigu ni wa ukoo mmoja. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, baadhi ya nyigu wawindaji waliacha nyama wakashika chavua, na vizazi vyao ndio hawa tunaowarina leo. Mzee akacheka, akasema basi hawa ni binamu zake waliobaki kwenye mishikaki.

Kuna kiota kingine ambacho nasihi sana kisiguswe, nacho hakina nyigu hata mmoja. Katika misitu na mashamba ya pwani yetu, hasa upande wa Kwale na Kilifi, wako nyuki wadogo weusi wasiouma wanaojenga kiota cha nta na utomvu kikining'inia waziwazi chini ya tawi. Kwa mbali kinafanana na kiota cha nyigu, na kinachomwa kwa jina la nyigu. Sogea. Ukiona tundu dogo la kuingilia, wadudu wadogo kuliko nzi wakipita hapo, na hewa ina harufu ya utomvu wa mti, hao ni nyuki. Asali yao ni kidogo, na ina wapenzi wake wanaoilipia zaidi ya hii yetu ya kawaida.

Sasa, yako mahali ambapo uvumilivu si sawa. Kiota kikiwa juu ya mlango wa choo, kwenye njia ya watoto wa madrasa, au ndani ya mfuniko wa mzinga wenyewe, kiondoe. Hiki cha mwisho ni cha hatari kuliko kinavyoonekana: unafunua mzinga, nyigu anakuchoma mkononi, unaangusha sega, na sasa una nyuki elfu kadhaa wenye hasira. Kiondoe pia kama nyumbani yupo mtu ambaye akichomwa huvimba uso, hukosa pumzi au huzimia. Mtu huyo hakai mita kumi na kiota chochote, cha nyigu wala cha nyuki, na akichomwa hospitali ndiyo dawa, wala si kitunguu.

Wakati bora wa kukiondoa ni mwanzo kabisa, kikiwa na vyumba vitatu vinne na jike mmoja. Kisukume kwa fimbo, akirudi sukuma tena, mpaka achoke. Kikishakua, ngoja usiku. Vaa vazi lako la kurinia, tumia tochi yenye mwanga mwekundu, weka chupa ya mdomo mpana au mfuko mgumu chini ya kiota mpaka kimezwe chote, kisha kata shina lake kwa kisu na ufunike. Maji ya sabuni yatamaliza kazi: sabuni huziba matundu yao ya kupumulia. Hapana petroli, hapana moto chini ya makuti, hapana dawa ya kunyunyiza karibu na mzinga. Na usitege nyigu kwa maji ya sukari au asali, kwa kuwa nyuki wako watafika kwanza; yeyote aliyepita karibu na meza ya achari ya maembe wakati wa ukame anajua nani huwahi.

Kijana na mimi tuliufungua ule mzinga wake alasiri ya siku hiyo, jua lilipopungua. Ulikuwa wa Langstroth, yaani sanduku lenye fremu za kutoa na kurudisha, mlango umeachwa wazi mpana wote, na nyuki waliobaki hawakujaza hata fremu nne. Fremu tatu za pembeni zilikuwa na utando wa nondo na mavi yao meusi. Mayai hatukuyaona. Malkia hakuwepo, na labda hakuwepo kwa wiki mbili. Tulitoa masega mabovu tukayachoma mbali, tukapunguza mlango kwa kipande cha mbao ukabaki upana wa vidole viwili, na jioni ya pili yake tukawaunganisha na mzinga wake wa pili, karatasi ya gazeti katikati ili wazoeane harufu taratibu.

Petroli aliirudisha tangini. Nyigu wa upenuni walikaa mpaka masika yalipokolea, kisha wakaondoka wenyewe, na kile kisahani cha kijivu kingali pale kitupu, kijana hajataka kukibandua.